Jinsi ya Kuisukuma Serikali Ilinde Mikoko: Mwongozo kwa Wakazi wa Pwani ya Lindi na Mtwara

Katika ajenda za mkutano wa kijiji kuna vichwa viwili vinavyoamua hatima ya mikoko kuliko hotuba zote za Siku ya Mazingira Duniani: "Yatokanayo" na "Mengineyo". Jambo lililoandikwa kwenye muhtasari wa mkutano uliopita hurudi lenyewe mkutano unaofuata chini ya Yatokanayo, na mwenyekiti hulazimika kulitolea maelezo hata kama halipendi. Jambo lililotupwa kwenye Mengineyo, saa nane mchana, watu wakiwa na njaa na jua likiwa limehamia upande wa akina mama, hupigiwa makofi na kusahaulika.

Mwongozo huu ni wa mkazi anayeona mikoko ikikatwa, mchanga wa ufukweni ukichotwa kwa malori, au tuta la shamba la chumvi likisogezwa kidogo kidogo kuelekea baharini, naye angependa Serikali ifanye kazi yake. Nimeifanya mikoko kuwa mfano kwa sababu ndiyo ninayoifahamu, na kwa sababu habari za tabianchi zimekwisha kutufikia mlangoni. Kimbunga Kenneth kilipopiga kaskazini mwa Msumbiji mwezi Aprili 2019, Mtwara ilikuwa imetangaziwa hatari. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa. Mikoko haizuii kimbunga, lakini hupunguza nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kwenye nyumba na visima, na tope lake huhifadhi kaboni ambayo ingerudi hewani endapo msitu ungefyekwa.

Mlango wa kubisha

Kosa la kwanza la wengi wetu ni kusema "Serikali" kana kwamba ni mtu mmoja mwenye sikio moja. Misitu ya mikoko ya Tanzania Bara ni hifadhi ya Serikali Kuu, na msimamizi wake ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Leseni ya kuzalisha chumvi hutoka Tume ya Madini. Athari kwa mazingira husimamiwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, wakati halmashauri ya wilaya ina afisa mazingira wake. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kuna pia Taasisi ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, na kuhusu uvuvi kuna BMU, yaani vikundi vya wanajamii vya kusimamia rasilimali za uvuvi. Ardhi iliyo nyuma ya mikoko, kwa kawaida, ni ya kijiji.

Kijijini kwetu tulizungushwa kwa miezi mitano kwa kutolijua hilo. Ofisi ya kwanza ilisema tatizo ni la misitu, ya pili ikasema ni la madini, na ya tatu ikatushauri turudi kwa ya kwanza. Dawa tuliyoigundua baadaye ni kuandika barua moja tu, kwa ofisi yenye uwezo wa kuchukua hatua tunayoitaka, na kuorodhesha ofisi nyingine zote chini ya neno "Nakala", ili kila mmoja aone kwamba wenzake wameona.

Ushahidi unaosomeka

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko penginepo. Nenda msituni wakati wa maji kupwa, ukiwa na watu wawili au watatu, daftari, kamba iliyopimwa na simu yenye kamera. Pima mraba wa mita 20 kwa 20, hesabu visiki, ukitenganisha vibichi na vikavu, kisha rudia katika miraba mingine miwili iliyo mbali na wa kwanza. Andika jina la kila mti. Afisa anayesoma "miti imekatwa" hupata picha ya mzigo wa kuni, lakini akisoma idadi ya visiki vibichi vya mkandaa na msinzi anajua kwamba boriti zinatoka, na akisoma kwamba michu imekauka ikiwa bado imesimama anajua kwamba tatizo si shoka bali ni maji.

Jambo hili la maji halina budi kuelezwa vizuri, kwa kuwa ndilo linalofichika. Mchu hupumua kwa vijizizi vinavyochomoza juu ya tope, na msitu mzima hutegemea maji ya bahari kuingia na kutoka. Tuta la shamba la chumvi likiziba mkondo, sehemu moja hubaki na maji yaliyotuama yanayofunika vijizizi hivyo, na sehemu nyingine hukauka na kuzidiwa na chumvi. Miti hufa bila mtu yeyote kuikata. Piga picha ya tuta wakati wa bamvua, maji yakiwa yamejaa kabisa, na nyingine mahali hapohapo maji yakiwa yamekupwa. Simama kila mara pale pale, elekea upande uleule, na mweke mtu au kasia kwenye picha ili urefu uonekane. Baada ya miezi mitatu rudi upige tena.

Waulize pia akina mama wanaochokoa pweza na kuokota chaza, kwa maana wanaujua ufuo hatua kwa hatua. Andika maelezo yao kwa maneno yao, pamoja na mwaka ambao jambo lilianza.

Usiandike majina ya wakataji. Mara nyingi anayekata boriti ni mjomba wa mtu, na anayepika chumvi ana watoto wanaosoma na wako. Ukianza na majina kijiji kitagawanyika kabla karatasi yako haijafika popote. Eleza kilichotokea, wapi na lini, na uwaachie wenye mamlaka kazi ya kumtafuta mhusika.

Mkutano Mkuu wa Kijiji

Kisheria mkutano huu unapaswa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Kabla tangazo halijabandikwa, mwandikie mwenyekiti kupitia kwa mtendaji ukiomba hoja yako iwe ajenda inayojitegemea. Katika siku hizo, mtembelee mjumbe mmoja mmoja wa halmashauri ya kijiji, na hasa kamati ya mazingira, ambayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka iwepo. Ikiwa kamati hiyo ipo kwenye karatasi tu, ombi la kwanza mkutanoni liwe kuijaza. Ni ombi ambalo hakuna kiongozi anayeweza kulipinga mbele ya watu.

Njoo na azimio lililokwisha kuandikwa. "Wananchi wameomba mikoko itunzwe" si azimio, kwa sababu hakuna aliyepewa kazi. Azimio lenye meno husema hivi: "Mkutano umeazimia kwamba Mtendaji wa Kijiji amwandikie Mkurugenzi wa Halmashauri ndani ya siku 14, kuomba ukaguzi wa tuta lililoziba mkondo, na atoe taarifa kwenye mkutano ujao." Sasa kuna mtu, kuna tarehe, na kuna Yatokanayo. Omba azimio lisomwe kwa sauti kabla ya kufunga, kisha baada ya siku chache fuata nakala ya muhtasari yenye saini na mhuri, pamoja na orodha ya mahudhurio.

Kijiji pia kinaweza kutunga sheria ndogo, kwa mfano kuhusu kupitisha mizigo ya boriti au kuchota mchanga. Halmashauri ya kijiji huandaa rasimu, wananchi hutoa maoni katika mkutano, kisha hupelekwa kwenye Baraza la Madiwani kuidhinishwa, hivyo diwani wako ashirikishwe tangu rasimu ya kwanza. Anayeishi mjini, Lindi au Mtwara-Mikindani, atambue kwamba mtaa hauna mamlaka hiyo. Yeye apitie kamati ya mtaa kwenda kata na halmashauri ya manispaa.

Barua

Barua iwe ukurasa mmoja, viambatisho viwe vingi kadiri inavyohitajika. Kichwa chake kiseme jambo lenyewe, mathalani: "YAH: OMBI LA UKAGUZI WA TUTA LILILOZIBA MKONDO WA MAJI KATIKA MSITU WA MIKOKO". Aya ya kwanza irejee azimio la mkutano na tarehe yake. Aya ya pili ieleze kilichoonekana, kwa idadi. Ya tatu itaje sheria, na ya mwisho iombe jambo moja tu, pamoja na siku ambayo mtarudi kuulizia.

Kuhusu sheria, vifungu vitatu vya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 vinatosha barua nyingi. Kifungu cha 4 kinampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, kifungu cha 5 kinampa njia ya kwenda mahakamani haki hiyo inapovunjwa, na kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri hifadhi ya ufuo, ndani ya mita 60 kutoka ufuoni. Ukipenda, ongeza ibara ya 27 ya Katiba, inayomtwika kila mtu wajibu wa kulinda maliasili. Ni vizuri msomaji akumbushwe kwamba unatekeleza wajibu na huleti shari.

Peleka barua mwenyewe masijala, ukiwa na nakala mbili. Moja inabaki, nyingine inagongwa mhuri wa kupokelewa na kurudi nawe. Mwaka wa kwanza tulimkabidhi afisa mmoja barua yetu mkononi, uwanjani, akiwa amekuja kwa shughuli nyingine. Alitushukuru sana, na tulipomfuata baada ya wiki sita hakukumbuka kuipokea wala sisi hatukuwa na kitu cha kumwonyesha.

Kama unachohitaji ni taarifa, kwa mfano nakala ya leseni au cheti cha mazingira cha mradi, tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoitaka ofisi ijibu ndani ya siku 30. Siku hizo zikipita bila jibu, andika barua ya kukumbusha kwa ngazi ya juu ukiambatisha nakala yenye mhuri. Barua ya pili ndiyo inayofanya kazi, kwa sababu sasa kuna mtu anayetakiwa kueleza kwa nini hakujibu ya kwanza.

Bajeti, mradi mpya, na barabarani

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini mipango ya vijiji na kata hukusanywa miezi mingi kabla. Anayeomba fedha za doria mwezi Mei amechelewa. Alete ombi mvua zinapoanza, mwezi Novemba au Desemba. Ombi lenyewe lichaguliwe kwa uangalifu. Ofisi nyingi hufurahia kupanda miche, kwa kuwa picha hupendeza, na nimeshuhudia mikoko ikipandwa kwenye mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi, mahali ambapo hata mlilana haujawahi kuota. Mara nyingi kubomoa kipande cha tuta la shamba la chumvi lililotelekezwa ili maji yarudi huleta msitu kwa gharama ndogo zaidi, kwa sababu mbegu huja zenyewe na maji.

Mradi mpya ukitangazwa, watakuja watu wa Tathmini ya Athari kwa Mazingira kukusanya maoni. Hudhuria, na uwe mwangalifu na karatasi ya mahudhurio: hakikisha kichwa chake kinasema "mahudhurio" na si "ridhaa", kisha wasilisha maoni ya kijiji kwa maandishi, na ubaki na nakala. Tuma nakala nyingine NEMC moja kwa moja, ili isitegemee hisani ya mtaalamu aliyeajiriwa na mwenye mradi.

Kuhusu maandamano, sheria inataka polisi wapewe taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla. Mtwara ina kumbukumbu nzito ya mwaka 2013, wakati mgogoro wa bomba la gesi ulipogeuka ghasia zilizoleta maafa, na wazazi wengi hapa wakisikia neno hilo huwaita watoto wao ndani. Sisemi yasifanyike. Nasema kijiji chenye faili la barua zilizogongwa mhuri kina cha kusoma redioni, kina cha kumkabidhi mbunge, na kikifika barabarani au mahakamani kinaweza kuonyesha kwamba kilianza kwa kubisha hodi.

Kutunza faili

Watendaji huhamishwa, wenyeviti hubadilishwa kila uchaguzi wa serikali za mitaa, kama ilivyokuwa Novemba 2024, na kiongozi mpya hupenda kuanza upya. Weka nakala za kila kitu kwenye mafaili mawili, moja kwa katibu wa kamati ya mazingira na jingine nyumbani kwa mtu asiye kiongozi, ikiwezekana mwalimu au mama mwenye kabati lisilovuja. Mtendaji mpya akiripoti, nendeni watu watatu kumkaribisha katika wiki yake ya kwanza, mkampe muhtasari wa mwisho na mumwombe ausome kabla ya kupanga ajenda.