Mie ntapandia wapi? Kuchagua gari la familia ukirudi Mtwara

Kila nikimpigia mama simu kumwambia nimeona gari zuri, ananijibu kwa swali moja: "Mie ntapandia wapi?" Haulizi injini, haulizi mwaka, haulizi rangi. Ana miaka sabini na kitu, magoti yamechoka, na khanga yake haijawahi kupatana na gari refu. Swali lake limenisaidia kuliko saa zote nilizopoteza usiku nikitazama picha za magari ya Japani huku Uingereza.

Sisi ni wanane. Mama, mjomba (kwetu kusini mjomba haachwi nyumbani, hasa kukiwa na jando au unyago), dada yangu, mimi na mwenzangu, na watoto watatu: wa miaka sita, wa minne, na wa mwaka na nusu. Mwaka wa kwanza tulikodi gari lililoandikwa kuwa ni la watu saba, tukabanana tukisema safari ni fupi. Tulikuwa tunatoka Mtwara mjini kwenda Masasi kupitia Mingoyo, lami tupu, kama kilomita 200. Kabla hata ya kufika Lindi Vijijini, mtoto wa minne alikuwa amemtapikia mjomba kwenye kanzu, na dada alikuwa amekaa na begi mapajani kwa sababu buti lilijaa mara tu viti vya nyuma viliposimamishwa. Hapo ndipo nilipogundua kosa langu: nilihesabu viti, sikuhesabu watu na mizigo yao.

Kwa hiyo ushauri wangu unaanzia nyuma. Ukienda kukagua gari, usikimbilie usukani. Ingia safu ya tatu, wewe mwenyewe, mtu mzima, ufunge milango, kaa dakika kumi AC ikiwa inafanya kazi. Magoti yakigusa kiti cha mbele yako, basi hapo pa kukaa watoto tu. Upepo wa AC usipokufikia, jua kwamba mwezi wa Novemba, joto la Mtwara likiwa limechanganyika na unyevu wa bahari, atakayekaa hapo ataungua. Halafu tafuta mikanda. Kwenye Toyota Noah viti vya nyuma vinakunjwa vikaning'inizwa pembeni, na mara nyingi mkanda unakuwa umepachikwa ukutani, au umebanwa chini ya kiti tangu gari litoke Japani. Uvute wote hadi mwisho, uachie, uone kama unarudi wenyewe. Muuzaji atakwambia, "Huo hautumiki bosi." Kwako wewe utatumika.

Toyota Wish na Sienta ni magari ya viti saba, ndiyo, na kwa mafuta hakuna wa kulalamika. Lakini safu yao ya tatu ni ya watoto wa shule ya msingi. Ukiwa na watu wazima watano, ziache. Kwa familia ya watu wazima wawili na watoto wanne, hasa wanaozunguka mjini kati ya Shangani, Ligula na sokoni, Sienta itawatosha na chenji itabaki.

Prado ndilo gari ambalo ndugu wanalitegemea. Nisiwadanganye, ukishuka na Prado mbele ya nyumba kule Newala, hata salamu zinabadilika. Na kweli ni gari: linakanyaga mchanga, limejengwa juu ya chesisi, limeinuka kiasi cha sentimita 22 kutoka ardhini. Ila kuna Prado za watu watano, hivyo hesabu viti kabla hujalipa. Hizo zenye safu ya tatu, ukikiinua kiti cha nyuma buti linabaki upana wa kreti mbili za soda. Na mama? Nilimpeleka akalijaribu la jirani. Alishika mkono wa mlangoni, akainua mguu, akaushusha, akainua tena, kisha akanigeukia na kusema, "Hili la wanajeshi." Mwisho alipanda kwa kusukumwa kidogo na dada yangu, na khanga ikabaki imenasa mlangoni. Kwa mzee, hilo si jambo la mara moja. Kila kituo cha mafuta, kila choo, kila msiba mnaopitia kutoa pole, anashuka na kupanda.

Noah ina mlango wa kusukuma na sakafu iliyo chini. Mama aliingia kama anaingia sebuleni kwake. Gari lenyewe kusini limezoeleka mno, hadi wengine wanaliona la michomoko, la kubebea abiria wa vijijini, na mjomba hakuficha kwamba alitarajia kitu kizito zaidi. Mimi kwangu hiyo ndiyo sifa. Gari linalobeba abiria kila siku, shokapu zake zinapatikana, bushi zake zinapatikana, na fundi wa Masasi anaijua hata akiwa amefumba macho. Gari la kifahari likiharibikia Nangurukuru utasubiri kifaa kije na basi kutoka Dar.

Ukichagua Noah, kuna vizazi viwili ambavyo utakutana navyo zaidi. Ile ya kuanzia 2001 hadi 2007 nyingi zake zina injini ya D4, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Haipendi mafuta machafu, na mafundi wengi hawaipendi yenyewe. Ile iliyofuata, ya 2007 hadi 2014, ina injini ya cc 1,986 na gia ya CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia. CVT ni nzuri ikiwa imebadilishiwa oili yake maalumu. Ukiweka oili ya gia ya kawaida, umelinunulia gari jeneza. Muulize muuzaji ilibadilishwa lini. Asipojua, fanya wewe siku ya kwanza. Zipo pia Noah za 4WD, zinazosukumwa na tairi zote nne. Usizikimbilie ukidhani zitakupeleka popote: mfumo huo ulilenga theluji ya Japani, gari lenyewe halikuinuliwa, na ukijaza watu wanane, nyuma linashuka, tumbo linakwangua matuta ya kijijini. Weka springi ngumu za nyuma.

Alphard ni Noah iliyolishwa vizuri: pana, tulivu, viti kama vya ndege. Kama barabara zako ni za lami tu na mfuko unaruhusu, sina neno. Kumbuka tu kwamba injini zake ni za kama cc 2,400 kwenda juu, na hilo linakugusa kwenye kodi. Hiace kwa familia ya watu kumi na zaidi haina mpinzani, lakini jiandae kusimamishwa njiani na watu walionyoosha mkono wakidhani unaelekea Mikindani na nauli.

Sasa watoto, na hapa ndipo nilipogombana na wazee. Kwetu mtoto anapakatwa. Mama aliniambia, "Nyie wote niliwabeba mgongoni mpaka Kitangari, kuna aliyeanguka?" Sikubishana naye kuhusu malezi. Nilimweleza hivi: gari likigonga kitu katika mwendo wa kilomita 50 kwa saa tu, mtoto wa kilo kumi anakuvuta mikono kama mzigo wa magunia ya mahindi, na hakuna mikono ya mama yeyote inayoushika. Alinyamaza, kisha akasema kiti hicho kiwe karibu naye. Tukakubaliana.

Viti vya watoto usitegemee kuvikuta Mtwara, beba chako. Mashirika mengi ya ndege hukipokea bila malipo ya ziada, ila uliza kabla. Kabla ya kusafiri, jua kinafungwaje. Magari mengi yaliyotumika kutoka Japani, hasa ya zamani, hayana vyuma vya ISOFIX, vya kunasia kiti cha mtoto, kati ya kiti na mgongo wake. Pitisha vidole hapo uhakikishe. Kama hakuna, utahitaji kiti kinachofungwa kwa mkanda wa gari, unaopita begani na kiunoni. Na mkanda wa katikati kwenye Noah nyingi ni wa kiunoni tu, hivyo kiti hicho hakifungiki pale. Mdogo anayetazama nyuma asiwekwe kamwe kiti cha mbele chenye mfuko wa hewa. Yule wa miaka sita bado anahitaji kiti cha kumwinua ili mkanda usimkate shingoni. Uingereza wanataka kiendelee hadi miaka 12 au urefu wa sentimita 135, na sioni sababu shingo ya mtoto ibadilike akivuka ikweta.

Kuna jambo ambalo sikuliwaza hadi nilipolifanya. Kiti cha mtoto kikishafungwa safu ya kati, kiti hicho cha gari hakikunjiki wala hakisogei, na watu wa safu ya tatu wanapita hapo. Sisi kiti cha mdogo tumekifunga upande wa kulia, nyuma ya dereva, dada yuko katikati, na mama kakaa kushoto penye mlango. Nyuma kabisa kuna mwenzangu katikati ya wale wawili wakubwa. Wanaingia wa nyuma kwanza, mama anaingia mwisho. Wakitaka kushuka, mama ashuke kwanza, hivyo safarini mapumziko yake ni mapumziko ya wote. Mjomba yuko mbele. Hilo halikujadiliwa.

Mizigo haitaingia. Watu wanane na mabegi ya kilo 23 ya wasafiri, kwenye Noah, haiwezekani. Keria ya juu inasaidia, lakini mabegi mazito juu ya gari refu jembamba yanaliyumbisha kwenye kona. Sisi mabegi tunayatuma kwa basi kutoka Dar, tunayapokea stendi. Buti tunaliachia maji, mihogo, na kurudi kunakuwa na ming'oko na korosho.

Kununua wapi? Tanzania tunaendesha kushoto, usukani kulia. Aliyeko Marekani, Kanada au Ujerumani aache lake huko huko. Kulipita lori la korosho usukani ukiwa kushoto ni kamari. Aliyeko Uingereza anaweza kuja nalo, lakini aliangalie chini kwa tochi: chumvi ya barabarani ya majira ya baridi hula chuma, na hewa ya bahari ya Lindi na Mtwara itamalizia. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki humpa anayerudi kuishi moja kwa moja msamaha wa ushuru kwa gari moja, iwapo ameishi nje miaka miwili au zaidi na amelimiliki na kulitumia gari hilo huko kwa miezi 12, na si basi dogo la abiria zaidi ya 13. Anayekuja likizo hahusiki. Wanaoagiza Japani waingie kwanza kwenye kikokotoo cha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) cha magari yaliyotumika. Humo utaona ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa unaopanda injini ikivuka cc 2,000, na nyongeza kwa gari lililopita miaka minane. Viwango hubadilika na bajeti ya Juni, kwa hiyo angalia wiki ile ile unayolipa.

Kwa anayekuja wiki tatu kila baada ya miaka miwili, kodi gari pamoja na dereva. Nasema hivi nikiwa nimenunua. Dereva wa kule anajua trafiki wenye tochi za kupimia mwendo wanakaa wapi, na anajua kupunguza hadi 50 kila kibao cha kijiji hata kama kijiji chenyewe hakionekani. Ukikodi, taja kwa maandishi idadi ya watu, mikanda, na AC ya nyuma. Mimi niliahidiwa gari moja nikaletewa jingine asubuhi ya safari, na saa hiyo huna la kufanya.

Kabla ya kutoka Dar kwa barabara, uliza hali ya njia, hasa masika. Ni kilomita 560 hivi hadi Mtwara, unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, na Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, maji yalikata barabara upande wa Kilwa na magari yakalala huko. Tangi la Noah ni la lita 60 na kwa mwendo wa upole inakwenda kilomita kumi hivi kwa lita, yaani hesabu inakubali kwa shida. Jaza tena Somanga au Nangurukuru. Njia ya Tandahimba ina lami hadi Mnivata. Mbele ya hapo uliza waliopita wiki hiyo. Na Msimbati, kwa wale wanaotaka kuwaogesha watoto baharini: liache Noah pale ardhi ngumu inapoishia, mtembee. Tulilichimbua kwa sahani.

Tazama na tairi. Ubavuni kuna tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata, yaani meno ya tairi, inaweza kuonekana nzima na mpira ukawa umeshakauka, na gari lililojaa watu wanane kwenye lami ya saa nane mchana si mahali pa kuligundua hilo. Redio ya Kijapani haitashika stesheni zetu nyingi bila kibadilishi, na asubuhi ukiwasha kuna mwanamke atakusalimia kwa Kijapani. Mama humjibu.

Ukiliacha gari nyumbani, amua kabla ya siku ya kuondoka nani analo. Kwetu analo mjomba, kwa misiba, hospitali na kumpeleka mama kliniki. Abiria wa nauli hapana, kwa sababu bima tuliyokata si ya biashara. Oili na bima kubwa nalipia mimi, petroli analipa anayelitumia. Funguo moja anayo yeye, ya pili iko kwenye kabati la mama chini ya khanga, na kadi ya gari nimerudi nayo.