Tumbaku ya moshi usiisokote tupu
Wazee wa msokoto, ile tumbaku ya moshi (jani lililokaushwa kwa moshi wa kuni) inayotoka Songea ukiivuta peke yake inakwaruza koo mpaka machozi. Changanya na ya mvuke ya Tabora (iliyokaushwa kwa joto la bomba, bila kuguswa na moshi), ina sukari, inailainisha: viganja vinne vya mvuke, kimoja cha moshi, basi. Kwanza ng'oa ule mshipa wa katikati ya jani, ndio unaotoboa karatasi. Katakata nyembamba, funga kwenye kopo siku tatu nne harufu zishikane. (Kifua hakitapata nafuu, tusidanganyane, ni ladha tu.) Masika hapa Mtwara jani hunyonya unyevu, langu liliota ukungu nikatupa kopo zima. Finya kidogo: likinata vidoleni, lianike kivulini. Likivunjika, limekauka mno.