Kata katikati: jinsi ninavyojaribu mashine ya mauzo kabla haijafika dukani

Kazi yangu hapa Nairobi ni kujaribu mashine za mauzo: simu au tableti yenye programu ya kuuzia, pamoja na printa yake ndogo ya risiti. Huletwa ikiwa na chaji kamili, intaneti ya kasi na bidhaa tatu tu za mfano. Kwa raha hiyo, hata programu mbovu hupita. Basi anza kwa kuiondolea raha.

Tafuta simu ya bei ya chini, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 2 au pungufu, ijaze picha na video mpaka nafasi ikaribie kwisha, kisha pakia bidhaa elfu mbili. Tafuta "sukari" na uone inachukua muda gani. Kumbuka kuna mteja amesimama.

Halafu kata katikati. Hapa ndipo ninapokaa sana. Usizime data ya mashine kabla ya kuuza. Izime wakati ombi la malipo limeshaingia kwenye simu ya mteja naye anaweka namba ya siri. Pesa zitakatwa, jibu halitafika dukani. Sasa soma skrini. Ikisema "Malipo yameshindikana", muuzaji atamwambia mteja alipe tena, na ugomvi utaanzia hapo. Inatakiwa iseme bado inasubiri jibu, na data ikirudi iulizie muamala ule ule, isitume ombi jipya. Rudia kwa kuzima simu ya kuuzia yenyewe, kwa kuipigia, na kwa kubonyeza "Lipa" mara mbili harakaharaka kama muuzaji mwenye foleni. Kila mara linganisha ujumbe wa mteja, ripoti ya duka na kumbukumbu za seva, yaani kompyuta kuu inayopokea mauzo. Visipolingana, mashine haitoki.

Printa nayo ina vituko vyake. Ya karatasi ya milimita 58 kwa kawaida huandika herufi 32 kwa mstari, kwa hiyo uza "Unga wa mahindi uliokobolewa kilo 2" uone bei imesukumwa wapi. Acha karatasi iishe risiti ikiwa nusu, weka nyingine, uhakikishe mauzo hayakuhesabiwa mara mbili. Kisha chapa betri ikiwa chini. Weusi mwingi kwenye karatasi hula umeme mwingi, ndiyo maana nembo kubwa ya duka inaweza kuizima printa iliyokuwa ikiandika maneno vizuri. Na wenye maduka wanavyopenda nembo kubwa!

Kwenye majina ya wateja, andika Ng'ang'a na Nyong'o. Ile alama ya ritifaa huvuruga hifadhidata, pale taarifa zinapotunzwa, ikiwa amri zake zimeandikwa kizembe. Kwenye namba za simu, jaribu zinazoanza na 07, +254, yenye nafasi katikati, na 01. Hizo za 01 zilianza kutolewa mwaka 2019, lakini bado nakutana na fomu zinazozikataa.

Uza pia saa 7 usiku. Seva nyingi hutunza muda wa UTC, saa ya kimataifa, nasi tuko saa 3 mbele, hivyo mauzo ya kati ya saa 6 na saa 9 usiku yanaweza kuangukia ripoti ya jana. Kibanda cha mboga hakitajua. Baa itakupigia asubuhi.

Mwisho mpe muuzaji halisi, si mwenzako wa ofisini, ukae pembeni. Akiuliza "Nibonyeze wapi?" usimjibu, andika alipokwama.

Kasoro nazo ziandikwe vizuri. "Inagoma" haimsaidii mtu. Andika: "Simu ya RAM GB 2, Android 10, chaji asilimia 12. Nimebonyeza Lipa, nikazima data baada ya ombi kufika. Skrini imesema imeshindikana. Mteja amekatwa shilingi 50." Ambatisha video, na simu hiyo hiyo mpelekee mtengenezaji bila kufuta chochote.