Kabla hujaingia ziwani na ndoano msimu huu wa jua

Jua likishaanza kuwaka hivi, kuanzia mwisho wa Agosti mpaka mvua za vuli zibishe hodi, Mwanza nzima, hapa ukingoni mwa Ziwa Victoria, inageuka wavuvi. Mwalimu mvuvi, bodaboda mvuvi, kinyozi akifunga kibanda chake Jumamosi anachukua mshipi huyo anaelekea Luchelele. Sina ugomvi na hilo, samaki uliyemvua mwenyewe ana utamu wake. Ugomvi wangu ni namna watu wanavyoondoka, mikono mitupu, hawajauliza kitu, hawajaaga mtu. Kwa hiyo haya yasome kabla hujaanza kuchimba nyungunyungu, sio ukiwa umeshakaa kwenye mtumbwi. Naongelea ndoano na mshipi tu, mambo ya nyavu yana wenyewe.

Saa kwanza. Mchana wa jua kali usijitese, sato anashuka kutafuta kivuli na sangara anatulia zake kwenye mawe na kina. Ingia saa kumi na moja alfajiri utoke saa tatu, au nenda saa kumi jioni mpaka giza lishike. Hapo katikati unachoma ngozi tu, na unachoma kweli maana ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari na ikweta iko hapo jirani, halafu kale kaupepo kanakudanganya kwamba hakuna joto mpaka jioni unashindwa kugeuza shingo. Kofia pana, shati la mikono mirefu, maji ya kunywa ya kutosha kila mtu na ya kwake. Ya ziwani usinywe, hasa pale ukiona ule ukijani mzito umetanda pembeni kama mtu kamwaga rangi, ule una sumu yake na kuchemsha hakuitoi.

Halafu jifunze kusoma maji, hapa wengi wanapoteza siku nzima bure. Juni na Julai upepo wa kusini unalikoroga ziwa, maji ya juu na ya chini yanachanganyika. Kuanzia Septemba hivi upepo umepungua, maji ya juu yanapata joto yanabaki hukohuko juu, ya chini yanabaki chini na hewa inayaishia. Na kwenye vighuba vyenye majani na magugu maji hali ni mbaya zaidi kukikaribia kucha, maana usiku kucha mimea na ule ukijani vimekuwa vikivuta hewa bila kurudisha. Sasa sangara hawezi kabisa kukaa penye hewa kidogo, anahama. Kambare na kamongo wao wanapanda juu wanavuta hewa hii hii tunayovuta sisi, hawana habari. Kwa hiyo ukiona sehemu unatoa kambare tu, au sato wako juu wanapiga midomo hewani hata chambo hawakiangalii, usiseme umerogwa, hama. Toka nje ya ghuba, tafuta ncha yenye mawe upepo unapopiga. Na kuna siku upepo unageuza maji ghafla, ya chini yanapanda, unakuta samaki wanaelea matumbo juu. Usiokote, hata awe mkubwa namna gani, wewe hujui amekufa saa ngapi.

Chambo: nyungunyungu kwa sato, wengine wanatumia donge la ugali na linakubali, sangara mpe furu, wale visamaki vidogo vya ziwani, au kambare mdogo aliye hai. Chambo hai kiweke kwenye ndoo yenye kivuli na ubadilishe maji, jua hili linakiua kabla hujafika.

Vibali ulizia mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, kwa watu wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa mwalo, wanajua na hawamli mtu. Sangara chini ya sentimita 50 na sato chini ya sentimita 25 rudisha majini, sheria ndiyo hiyo na faini yake sio ya kitoto. Kisiwa cha Saanane ni hifadhi ya taifa tangu 2013 hata kama unaiona hapo karibu na mji, maji yake yana mipaka, usijifanye umesukumwa na upepo. Na siku hizi kuna vizimba vya samaki kila kona, najua samaki wa nje wanajikusanya pale kula mabaki ya chakula na najua kishawishi, lakini mlinzi akikukuta na mshipi pembeni ya kizimba usiku, maelezo yako nani atayasikiliza? Kaa mbali.

Kama unavulia ukingoni, usisimame ndani ya maji mchana. Kichocho kinatoka kwa konokono wa kwenye majani ya pembeni na vile vidudu vinatoka kwa wingi jua likiwa kali, ndio muda huo huo watu wanakunja suruali wanaingia mpaka magotini. Simama juu ya jiwe. Ukishaloa mara nyingi nenda kapime ukapewe dawa, sio mpaka uone damu chooni. Na jioni ondoka kwenye matete mapema, kiboko anatoka kwenda malishoni na hapendi kukukuta umekaa kati yake na maji.

Mtumbwi sasa. Miaka ya 2020 na 2024 ziwa lilijaa kupita rekodi, mawe tuliyozoea kuyaona yakazama, na kiangazi maji yakishuka kidogo yanakuwa pale chini ya uso tu yanasubiri panga la injini yako. Pita na mtu anayeijua njia. Laifujaketi vaa, nasema vaa, sio uikalie kama godoro. Mtu atakwambia ni hapo tu karibu na ukingo. Kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018 kilipinduka kikiwa kinakaribia kutia nanga kisiwa cha Ukara, nchi kavu watu wanaiona, na waliokufa walizidi 200. Karibu sio kinga.

Lakini kitu ninachotaka ukishike kuliko vyote sio laifujaketi, sio chambo. Ni mtu wa nchi kavu. Kabla hujaondoka awepo mtu mmoja, mmoja, anayejua umeenda wapi, unarudi saa ngapi, na ikipita hiyo saa yeye anafanya nini.

Ngoja nikuhadithie. Mtaani kwetu kuna fundi seremala, mtu mzima, ziwa analijua, sio wa kuja. Jumamosi moja ya mwezi wa tisa akaazima mtumbwi wenye injini, akamchukua mpwa wake, wakatoka saa kumi jioni kwenda kutafuta sangara. Nyumbani akasema "tunarudi asubuhi" basi. Usiku jirani na saa nane upepo ukaanza. Ujue ziwa hili usiku lina tabia yake, nchi kavu inapoa haraka, maji yanabaki na joto, basi upepo unatoka kila upande wa nchi kavu unaelekea katikati, na ukikutana huko ndio inazaliwa ile mvua ya radi ya alfajiri. Kwa hiyo wewe uliyetoka na nyota zimejaa angani unashangaa imetoka wapi. Nanga walikuwa nayo ila kamba yake ilikuwa ile ya kufungia mbuzi, mita kama kumi, haikushika chini. Kamba ya nanga inatakiwa angalau mara tatu ya kina, na nje ya ghuba kina kinafika mita 40 na zaidi. Wakasukumwa. Wimbi likaingia, dumu la petroli likapinduka likamwagika mle mle ndani ya mtumbwi, injini ikanywa maji ikakata. Wakakaa wanachota maji na nusu dumu, wamekalia petroli iliyochanganyika na maji.

Sasa ngoja nikwambie nchi kavu kulikuwa na nini. Saa tatu asubuhi mke wake anasema watakuwa wamepitiliza soko la samaki la Kirumba kuuza. Saa sita mwenye mtumbwi anasema hawa wameamua kukaa siku ya pili, watanilipa siku mbili. Saa nane kaka yake anasema watakuwa wamelala kisiwani, upepo ulikuwa mkali. Kila mtu ana jibu lake na kila jibu lina mantiki! Hakuna aliyekaa bila wasiwasi kwa ubaya, ila kila mmoja alidhani mwenzake anajua zaidi. Saa kumi na moja jioni yule mama akashuka mwaloni akamuuliza mwenye mtumbwi, "Shemeji, hivi kina fundi wameuzia wapi?" Yule jamaa alikuwa anakunja turubai, akaliachia. Hapo ndipo msako ulipoanza, jua limebaki saa moja na nusu.

Tulitoka mitumbwi kadhaa, tukazunguka mpaka giza, hakuna kitu. Piga hesabu mwenyewe, mtumbwi unaosukumwa kilomita mbili tu kwa saa, ukisukumwa muda wa saa kumi uko kilomita ishirini, na hujui upande. Wangeanza kutafutwa saa tatu asubuhi ingekuwa kazi ya mchana mmoja. Walikuja kuonwa Jumatatu asubuhi na watu wa dagaa waliokuwa wanarudi, mbali kule upande wa kisiwa cha Kome. Wazima. Ila fundi alipovuliwa suruali ngozi ya mapajani ilitoka nayo, petroli na maji na kukaa juani siku nzima, alilala hospitali kifudifudi. Yule kijana vidole vilikuwa vimekakamaa kwenye lile dumu la kuchotea, ilibidi wamfungue kimoja kimoja. Simu walikuwa nazo mbili, zote mfukoni, zote zimeloa usiku ule ule.

Kwa hiyo fanya hivi na usinibishie. Chagua mtu mmoja asiye msahaulifu. Mwambie saa, sio "asubuhi": mwambie saa nne. Mwambie sehemu, na ukibadilisha sehemu mpigie kwanza. Mwandikie kwenye karatasi rangi ya mtumbwi, jina lake, mko wangapi, namba ya mwenye mtumbwi. Na mwambie hivi, saa nne nisipokupigia usiniombee udhuru, usiseme labda simu imeisha chaji, shuka mwaloni kwa BMU uwaambie, na piga 112. Akikosea ukarudi saa nne na nusu watu wameshajaa ukingoni utaona aibu, aibu inaisha Jumatano. Na simu iweke kwenye kopo lenye mfuniko wa kuzungusha, lile la karanga linafaa, ulifunge kwa kamba kwenye mtumbwi. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku 2019 watu wanaweka simu kwenye kile kimfuko cha kitambaa cha sokoni halafu wanashangaa.

Utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, sikiliza, wanatoa hadi wa watumiaji wa ziwa, na wakisema upepo mkali wewe nenda kaangalie mpira. Lakini hata kama wamesema shwari, ukiona mawingu meusi yamesimama kule katikati alfajiri, au umeme unamulika mbali bila sauti, kunja mshipi. Usisubiri samaki mmoja wa mwisho.

Mafuta gawa mara tatu, ya kwenda, ya kurudi, na ya balaa, na dumu lifunge wima. Kasia mbili hata kama una injini mpya. Tochi, kwa sababu usiku usio na mbalamwezi watu wa dagaa wamejaa huko na wewe bila mwanga hawakuoni. Kisu chenye kamba. Pombe acha nyumbani, na yule rafiki yako asiyeweza kukaa bila pombe mwache naye nyumbani. Gogogo akinasa usimshike kwa mkono mtupu, ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, anaisimamisha inajifunga haishuki, ikikuingia mkono unavimba mpaka pete inakatwa, mbane na koleo au kata mshipi umpe ndoano yako aende nayo. Sangara naye mfuniko wa shavu unakata kama hujazoea, mshike taya ya chini.

Na barafu nunua kabla, sio ukirudi. Mpasue samaki tumbo huko huko, mtoe matumbo, mfunike na gunia bichi uwe unalimwagia maji mara kwa mara, kivulini. Jua hili sangara anaanza kulegea kabla hujafika Kirumba, na wale akina mama wa Kirumba hawaulizi umemvua saa ngapi, wanabonyeza kidole tu pale nyuma ya kichwa, shimo lisiporudi ujue umeshamvulia paka wako.