Somo: Kufuga kuku nyumbani Lodwar na kwingine kwenye joto kali

Wengi hapa Lodwar hununua vifaranga kwanza, wakajenga banda baadaye, kivuli kikakumbukwa kuku wakishaanza kufa. Anza na kivuli. Kuku hana tezi za jasho. Mwili wake una joto la nyuzi 41 hivi, na hewa ya saa nane mchana hupita 35 bila shida. Kilichobaki kwake ni kutweta na kutanua mbawa.

Hatua ya 1: Banda

Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige pande fupi tu. Ukuta wa chini uwe wa kimo cha magoti kuzuia mchanga unaopeperushwa na upepo. Juu yake weka wavu wa waya pekee. Paa la majani ya mkoma linashinda mabati kwa mbali. Kama mabati unayo tayari, yainue juu na uyafunike kwa majani, au yapake chokaa. Kila kuku apate futi nne za mraba. Wakibanana wanapashana joto.

Mti wa mathenge, ule wenye miiba uliozagaa huku, tunaulalamikia sote, ila kivuli chake ni cha bure. Fagia miiba yake kila siku, maana ikimchoma kuku unyayo huvimba usaha.

Kupima banda ni rahisi: ingia saa nane mchana na kikombe cha chai. Ukishindwa kukimaliza humo ndani, kuku hawatadumu.

Hatua ya 2: Maji

Joto likipanda, kuku mmoja anaweza kunywa nusu lita kwa siku, kwa hiyo kuku kumi watengee lita tano. Tumia chombo cha udongo, kiweke kivulini, ukizungushie gunia bichi. Maji yaliyolala kwenye mpira mweusi wa maji juani yamwage kwanza, kwani yanaunguza, na kuku hagusi maji ya moto hata akiwa na kiu. Badilisha saa sita mchana. Hapo ndipo wengi husahau.

Hatua ya 3: Chakula

Lisha saa kumi na mbili asubuhi, kisha saa kumi na moja jioni. Mchana ondoa chakula, kwa sababu usagaji wake tumboni huzalisha joto juu ya lile la nje. Wape pia maganda ya mayai yaliyosagwa au chokaa ya mifugo. Kuku anayetweta kutwa hupoteza hewa ya ukaa nyingi, damu yake hubadilika, na ganda la yai huwa jepesi kama karatasi.

Hatua ya 4: Mayai

Hapa ndipo hasara ya kimyakimya ilipo. Mashine ya kuangua hufanya kazi kwenye nyuzi 37.5 hivi. Mchana wa Lodwar uko karibu na hapo, kwa hiyo yai lenye mbegu ya jogoo likiachwa kiotani linaanza kuumba kifaranga. Usiku ukipoa, kinakufa. Mteja anapasua yai, anakuta mishipa ya damu, na harudi tena kwako. Okota mayai asubuhi, saa sita na jioni. Yahifadhi kwenye beseni la mchanga wenye unyevu kidogo, sehemu yenye upepo, yakiwa juu ya kitambaa ili yasilowe. Ya kuatamisha yasikae zaidi ya wiki moja, la sivyo utapata viza.

Hatua ya 5: Papasi na kideri

Papasi, yaani kupe wa kuku, hupenda ukavu. Mchana hujificha kwenye nyufa za mbao, usiku hutoka kunyonya damu. Ziba nyufa, na vichanja vya kulalia visiguse ukuta. Kwa kideri, ugonjwa wa kuku uitwao pia Newcastle, ulizia chanjo ya I-2 inayostahimili joto: tone moja jichoni, kila miezi mitatu au minne.

Maswali ya wanachama

*Kakuma:* Mwalimu, kuku wangu amelala mdomo wazi, upanga wake wa kichwani umepauka. Nimmwagie maji ya friji?

*Jibu:* Hapana, baridi ya ghafla itamshtua. Mpeleke kivulini haraka, mtumbukize miguu hadi kifuani kwenye maji ya mtungini, kichwa kikiwa nje. Usimnyweshe kwa nguvu, yatamwingia mapafuni. Akiinuka mwenyewe, mpe maji anywe.

*Mombasa:* Hayo magunia mabichi nitundike na mimi huku?

*Jibu:* Ndugu, huku kwetu hewa ni kavu, maji yanakauka upesi na kuondoka na joto. Kwenu hewa imeshajaa unyevu. Utaongeza mvuke bandani tu. Fungua pande zote upepo wa bahari upite.

*Garissa:* Nichukue kuku wa aina gani?

*Jibu:* Kienyeji, na ukipata kishingo, mchukue. Shingo isiyo na manyoya humsaidia kupoa. Kuku wa nyama wazito ndio wa kwanza kuanguka joto likizidi.

*Lodwar:* Shikamoo mwalimu. Nataka kuuza mayai tu. Bila jogoo watataga?

*Jibu:* Marahaba binti yangu. Watataga vilevile, na kwa biashara yako ni afadhali, maana yai lisilo na mbegu haliumbi kifaranga hata joto liwe vipi. Jogoo muuze.