Kitufe Kimekufa, Dirisha Limeganda, Mauzo Hayapo: Kuvuka Matatizo ya Mwanzo ya WinForms

Vijana wanaojifunza kuandika programu za Windows huniletea malalamiko yale yale. "Kaka, kitufe hakifanyi kazi." "Dirisha linaganda nikibofya ripoti." "Jana niliingiza mauzo ishirini, leo hayapo." Nimeyasikia mpaka nikaona yana ukoo mmoja. Mara nyingi mtu amedhani kitu ni kimoja kumbe ni viwili. Na pale dirisha linapoganda ni kinyume chake: amedhani wapo wafanyakazi wengi, kumbe yupo mmoja tu.

Tutatumia programu moja ndogo ya duka: unaandika bidhaa, bei na idadi, inapiga jumla, inahifadhi mauzo kwenye faili la SQLite (hifadhidata ndogo inayokaa ndani ya faili moja) na kutoa ripoti. Lugha ni C#, tukitumia Windows Forms (kwa kifupi WinForms) na .NET 8 ndani ya Visual Studio. WinForms ipo tangu 2002 na utakutana na watakaokuambia imezeeka. Waache. Kwa kazi ya duka inatosha.

Hatua ya 1: Fufua kitufe kilichokufa

Kila fomu ina mafaili mawili. Form1.cs unaliandika wewe. Form1.Designer.cs linaandikwa na Visual Studio kila unapoburuta kitu kwenye fomu. Metodi yako, yaani kipande cha msimbo chenye jina, ipo kwenye faili la kwanza, lakini mstari unaokiambia kitufe "ukibofywa, ita metodi ile" upo kwenye la pili:

```csharp
btnJumla.Click += btnJumla_Click;
```

Ukinakili msimbo wa mwenzako na kuubandika kwenye Form1.cs, umepata metodi bila mstari huo. Kompaila hailalamiki, programu inafunguka, kitufe kinabonyea vizuri kabisa, na hakuna kinachotokea. Chagua kitufe kwenye fomu, nenda kwenye Properties, bofya alama ya radi, tafuta Click, kisha chagua metodi yako kwenye orodha. Basi.

Kinyume chake kinatisha zaidi ingawa ni chepesi. Umebofya lebo mara mbili kwa bahati mbaya, ikazaliwa metodi tupu label1_Click, ukaona uchafu ukaifuta. Ukijenga programu unapata kosa CS1061, yaani kompaila haioni metodi hiyo. Bofya kosa hilo mara mbili, litakupeleka kwenye Designer.cs hadi mstari wenye label1_Click. Futa mstari huo mmoja, hifadhi, jenga tena. Usiguse kingine humo ndani.

Hatua ya 2: Zuia bei mbovu mlangoni

Wengi huanza na `decimal.Parse(txtBei.Text)`. Inakwenda vizuri mpaka muuzaji aandike "2500/=" kama anavyoandika kwenye daftari lake, na programu inalipuka mbele ya mteja. Andika hivi:

```csharp
if (!decimal.TryParse(txtBei.Text, out decimal bei) || bei < 0)
{
    MessageBox.Show("Andika bei kwa tarakimu tu, mfano 2500");
    txtBei.Focus();
    return;
}
```

Hapo umezuia mlipuko. Bado kuna mtego wa kimyakimya. TryParse inasoma namba kwa desturi ya lugha iliyowekwa kwenye Windows. Kwenye kompyuta iliyowekwa Kiingereza, "2,500" ni elfu mbili na mia tano. Ipeleke programu hiyo hiyo Lubumbashi, kwenye kompyuta iliyowekwa Kifaransa, na "2,500" inakuwa mbili na nusu, kwa sababu kwa Kifaransa mkato ndio alama ya desimali. Hakuna kosa litakalotokea. Jumla tu itakuwa ya ajabu.

Mimi siku hizi kwa bei na idadi naweka NumericUpDown badala ya kisanduku cha maandishi. Mtu akitoka kwenye kisanduku hicho, kinaonyesha thamani kilichoielewa, kwa hiyo anaiona kabla ya kuhifadhi. Ila kumbuka kuongeza Maximum. Kwa kawaida huja ikiwa 100, na nimeshuhudia mwanafunzi akihangaika na programu "inayokataa" bei zote za dukani kwa sababu hiyo tu.

Na aina ya namba ya kutunzia pesa ni decimal, si double.

Hatua ya 3: Dirisha lililoganda

Hapa tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapokata tamaa. Tazama metodi hii:

```csharp
private void btnRipoti_Click(object sender, EventArgs e)
{
    lblHali.Text = "Inatafuta...";
    var mauzo = SomaMauzoYote();
    dgvMauzo.DataSource = mauzo;
    lblHali.Text = "Tayari";
}
```

Ukiwa na mauzo hamsini huoni tatizo. Yakiwa mengi, au faili likiwa kwenye kompyuta nyingine ya mtandao, unabofya na dirisha linakufa. Huwezi kulisogeza. Likikaa sekunde 5 bila kuitikia, Windows inalififisha na kuandika Not Responding juu yake. Lakini kituko chenyewe ni hiki: neno "Inatafuta..." halionekani kabisa. Umeliandika kabla ya kazi kuanza, ila mtumiaji anaona "Tayari" peke yake, mwishoni.

Sababu ni kwamba dirisha lina mfanyakazi mmoja, yaani uzi mmoja. Yeye ndiye anayechora lebo, anayepokea mibofyo, anayesogeza dirisha, na ndiye huyo huyo aliyeingia ndani ya metodi yako. Ni kama duka lenye muuzaji mmoja. Ukimtuma stoo, wateja wanasubiri kaunta, hata wa kuuliza bei tu. Ulipoandika `lblHali.Text = "Inatafuta..."` hukuchora chochote. Uliacha maagizo kwenye foleni kwamba lebo ichorwe upya, na wa kuyatekeleza ndiye uliyemtuma stoo.

Dawa ni kumpa mtu mwingine kazi ya stoo:

```csharp
private async void btnRipoti_Click(object sender, EventArgs e)
{
    btnRipoti.Enabled = false;
    lblHali.Text = "Inatafuta...";
    try
    {
        var mauzo = await Task.Run(() => SomaMauzoYote());
        dgvMauzo.DataSource = mauzo;
        lblHali.Text = "Tayari";
    }
    catch (Exception kosa)
    {
        lblHali.Text = "Imeshindikana";
        MessageBox.Show(kosa.Message);
    }
    finally
    {
        btnRipoti.Enabled = true;
    }
}
```

Task.Run inapeleka usomaji kwenye uzi mwingine. await inamwachia muuzaji arudi kaunta, kisha data zikifika anaendelea na mistari iliyobaki. Kitufe tumekizima kwa sababu sasa dirisha lipo hai, na mtu mwenye haraka atakibofya mara nne.

Sharti moja: SomaMauzoYote isiguse kitu chochote kilicho kwenye fomu. Ukiandika ndani yake `lblHali.Text = ...` au kusoma `txtTarehe.Text`, ukiwa unaendesha kwa F5 utapata InvalidOperationException inayosema kidhibiti kimeguswa na uzi ambao haukukiunda. Soma thamani kabla ya Task.Run, ziweke kwenye vigezo, uzipitishe:

```csharp
DateTime siku = dtpSiku.Value;
var mauzo = await Task.Run(() => SomaMauzo(siku));
```

Mitandaoni utashauriwa njia tatu za mkato. Ya kwanza ni kuweka CheckForIllegalCrossThreadCalls kuwa false. Huko ni kung'oa king'ora ukaacha moto uwake. Ya pili ni kumwaga Application.DoEvents kila mahali. Hiyo inaruhusu mibofyo mipya katikati ya kazi ambayo haijaisha, na siku moja utakuta muuzo umehifadhiwa mara mbili. Ya tatu ni kuweka .Result mwishoni badala ya await. Ukiiweka kwenye metodi ya async yenye await ndani yake, uzi wa dirisha unasubiri kazi iishe, na kazi inasubiri uzi wa dirisha uachiwe. Watasubiriana mpaka uzime programu.

Hatua ya 4: Fomu ya pili inayoongea na asiyekuwepo

Una fomu ya kuchagua bidhaa na unataka jina lirudi kwenye fomu kuu. Wengi huandika hivi ndani ya fomu ya pili:

```csharp
Form1 f = new Form1();
f.lblBidhaa.Text = txtJina.Text;
```

Lebo huja ikiwa private, kwa hiyo kompaila inakataa kwanza; wanaibadilisha kuwa public, na sasa hakuna kosa, ila hakuna kinachobadilika. Neno `new` limezaa Form1 nyingine kabisa, isiyoonekana, na lebo yake ndiyo imebadilika. Ile unayoitazama haijaguswa. Fomu kuu ndiyo iulize:

```csharp
using (var dirisha = new FrmBidhaa())
{
    if (dirisha.ShowDialog(this) == DialogResult.OK)
        lblBidhaa.Text = dirisha.JinaLaBidhaa;
}
```

Ndani ya FrmBidhaa ongeza `public string JinaLaBidhaa => txtJina.Text;` na kwenye Properties za kitufe chake cha kukubali weka DialogResult kuwa OK. Kitafunga fomu chenyewe.

Ndugu ya tatizo hilo ni fomu ya kuingilia. Mtu anaandika nenosiri, unafanya `this.Hide()` halafu unafungua fomu kuu. Akifunga fomu kuu, programu haifi, maana Main (metodi ya Program.cs ambamo programu inaanzia) inaisubiri ile fomu ya kwanza uliyoificha. Ukiwa umeiendesha kwa Ctrl+F5, utagundua pale ujenzi unaofuata utakapogoma kwa MSB3027: faili haliwezi kunakiliwa kwa kuwa linatumika. Nenda Task Manager, iue. Halafu rekebisha Program.cs:

```csharp
[STAThread]
static void Main()
{
    ApplicationConfiguration.Initialize();
    using (var kuingia = new FrmKuingia())
    {
        if (kuingia.ShowDialog() != DialogResult.OK) return;
    }
    Application.Run(new FrmKuu());
}
```

Hatua ya 5: Mauzo ya jana yako wapi?

Umeongeza duka.db kwenye mradi, ukaweka Copy to Output Directory kuwa Copy always, na kwenye msimbo umeandika `Data Source=duka.db`. Unaingiza mauzo, yanaonekana. Unafunga, unarekebisha rangi ya kitufe, unabonyeza F5: meza tupu.

Sasa zipo duka.db mbili. Moja ipo kwenye folda ya mradi, tupu kama ulivyoitengeneza. Nyingine ipo bin\Debug\net8.0-windows, na humo ndimo programu inamoandika. Kila ukijenga, ile tupu inanakiliwa juu ya yenye mauzo. Copy if newer inapunguza balaa bila kuliondoa, kwani ukifungua faili la mradi na kuongeza safu moja, linakuwa jipya kuliko lile lenye data, na litalifunika.

Kabla ya kubishana na mtu kuhusu faili liko wapi, iulize programu yenyewe:

```csharp
MessageBox.Show(Path.GetFullPath("duka.db"));
```

Mstari huu umeniokolea muda mwingi kuliko kifaa chochote cha kulipia.

Dawa ya kudumu ni kuacha kuweka data za mtumiaji karibu na programu. Hata ukisuluhisha nakala, siku utakapoisakinisha ndani ya Program Files, Windows haitamruhusu mtumiaji wa kawaida kuandika humo. Weka hapa:

```csharp
string folda = Path.Combine(
    Environment.GetFolderPath(
        Environment.SpecialFolder.LocalApplicationData),
    "DukaLangu");
Directory.CreateDirectory(folda);
string njia = Path.Combine(folda, "duka.db");
```

Kisha kwenye Data Source weka `njia` badala ya duka.db, toa duka.db kwenye mradi, na programu ikianza iendeshe `CREATE TABLE IF NOT EXISTS` kwa kila jedwali. Faili litazaliwa lenyewe mara ya kwanza. Angalizo: folda hii ni ya kila mtumiaji wa Windows. Wauzaji wa zamu wakiwa na akaunti tofauti kwenye kompyuta moja, kila mmoja ataona mauzo yake tu. Hapo utahitaji CommonApplicationData, folda ya pamoja ya watumiaji wote, na utalazimika kupanga ruhusa za folda ili wa zamu ya jioni aweze kuandika kwenye faili lililoundwa na wa asubuhi.

Hatua ya 6: Kuipeleka dukani

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa niliibeba kwenye flashi: faili moja la exe nililolitoa bin\Debug. Nilifika, nikabofya mara mbili, haikufunguka. Mwenye duka amesimama pembeni na chai yake. Mafaili ya dll yaliyokuwa jirani na exe nilikuwa nimeyaacha nyumbani, na hata ningeyabeba, kompyuta ile haikuwa na mazingira ya .NET ambayo yangu iliyapata pamoja na Visual Studio.

Fungua terminali kwenye folda ya mradi:

```
dotnet publish -c Release -r win-x64 --self-contained true
```

Nenda bin\Release\net8.0-windows\win-x64\publish na unakili folda nzima. Ni nzito, inazidi MB 100, kwa sababu imebeba .NET yake ndani. Ukitaka nyepesi weka false badala ya true, ila itabidi kompyuta ya duka isakinishiwe .NET Desktop Runtime 8 kwanza. Kwa duka lenye intaneti ya vifurushi, mimi nabeba nzito kwenye flashi.

Jaribu kwanza kwenye kompyuta ya jirani isiyo na Visual Studio, ukitumia akaunti isiyo ya msimamizi. Ingiza muuzo mmoja, zima programu, iwashe tena, utazame kama muuzo bado upo. Ukiituma kwa kupakua badala ya flashi, Windows huenda ikafungua dirisha la buluu la SmartScreen kwa kuwa programu haina saini ya kidijitali. Mwenye duka mwambie mapema, kabla hajakupigia simu kusema umemletea kirusi.