Kabla ya kumwona daktari kuhusu homoni za kutuliza dalili za kukoma hedhi

Chukua daftari. Mimi nilitumia la shule la mwanangu: wiki tatu niliandika kila joto lililonipanda, saa ngapi, na kama kanga ililowa. Usiku mmoja nilibadilisha shuka mara mbili. Daktari aliyekuwa akiniambia "ni umri tu, mama" aliposoma kurasa zile, alivuta kiti tukaongea.

Andika pia mwezi na mwaka wa hedhi yako ya mwisho, maana hapo ndipo penye mjadala. Utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu homoni hizi, ambao sehemu yake ilisimamishwa mwaka 2002, ulitia hofu ya saratani ya matiti, lakini wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63. Kwa mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu hedhi yake ikome, mara nyingi faida za homoni huzidi hatari. Inaniuma kwamba wengi hawaambiwi.

Usifiche historia ya saratani ya matiti, damu kuganda au kiharusi. Kama bado una kizazi, uliza kuhusu projestojeni, homoni inayokilinda. Estrojeni, homoni kuu ya tiba hii, ikitumiwa peke yake huongeza hatari ya saratani ya utando wa ndani wa kizazi. Rudi baada ya miezi mitatu, daftari mkononi.